Kidole cha Opendi

Ndugu yangu Swaliki alizaliwa amekunja ngumi. Watoto wote huzaliwa hivyo, najua, nami nimezaa. Lakini wenzake walizikunjua. Kwenye chuo cha Kurani alimng'oa jino mtoto wa mwalimu kwa kugombea nafasi kwenye mkeka. Sokoni alimpiga kichwa mwanamume wa makamo aliyemwita chokoraa. Baba yetu, dereva wa malori aliyechoka na njia akatulia hapa Busia, alijaribu kumtoa ukali kwa kumcharaza na mkanda wa feni ya injini. Eti moto unazimwa kwa petroli. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni, na nitamsema jinsi alivyo bila kumpaka sukari. Akikasirika alikuwa mnyama.

Lakini mkono uleule uliopasua midomo ya watu uliweza kushika waya mwembamba kama unywele na kuuchomelea mahali pake bila kutikisika. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Kibanda chake cha redio na kibanda changu cha ushonaji vinatenganishwa na bati moja, karibu na mpaka, upande wa Uganda. Redio, simu, spika za makanisa, taa za jua, vyote vilipita mikononi mwake. Taa hizo nyingi zilivuka kwa njia za panya, na kwa kuwa watu wa ushuru walikuwa na tabia ya kupita wakichungulia, Swaliki aliteremsha turubai mlangoni asubuhi na kulipandisha wakati wa kufunga. Alifanya kazi gizani, na balbu moja juu ya meza. Nilimwambia atapofuka. Akaniambia nishone nguo za watu.

Mkewe Acen alimvumilia, kisha akachoka kupigwa. Alifunga nguo zake kwenye kitenge akapanda bodaboda kwenda kwao Tororo, asirudi tena. Nilimsindikiza mimi mwenyewe. Swaliki aliponiuliza kwa nini nilimsaidia, nikamwambia, "Kwa sababu ungemuua, na wewe ungefungwa maisha, halafu mimi ningebaki na misiba miwili." Mimi hakuwahi kunigusa, labda kwa kuwa alijua ningemrudishia.

Rafiki yake mmoja tu alibaki, naye ni Opendi, mpiga gitaa kutoka vijijini Tororo, Mjapadhola mrefu mwenye mdomo usiokuwa na breki. Alipiga kwenye baa za Malaba, ambako madereva wa malori hukaa siku nzima wakingoja karatasi zao zipite, na kwenye harusi na matanga ya pande zote mbili za mpaka. Amplifaya yake Swaliki ndiye aliyeitunza. Kila alipokuja kuichukua, alikaa kwenye kizingiti changu akapiga huku nikishona.

Watu walimpendea jambo moja. Alipokuwa akidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, kidole chake kidogo cha mkono huohuo kilizungusha kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa, mbele nyuma, mbele nyuma, hata sauti ikapanda na kushuka kama mtu anayezuia kilio. Gitaa likatetemeka. Wapiga gitaa wengine wa hapa walijaribu, vidole vikachoka katikati ya wimbo. Wanawake walilia kwenye harusi ambazo hazikuwa hata za ndugu zao. Mimi nililia, na mimi si mtu wa kulia.

Basi harusi moja huko Busitema, nilikuwepo kwa sababu gauni za wasimamizi nilizishona mimi, Opendi akapanda jukwaani na pombe ya wimbi, ule ulezi, kichwani. Katikati ya wimbo akaongeza ubeti wake mwenyewe. Akaimba kuhusu fundi anayezifanya redio zote za mji ziseme, lakini ya nyumbani kwake aliipiga ipige kelele, ikatoroka na betri zake. Umati ukavunjika mbavu. Kila mtu alimjua fundi huyo, na fundi mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya amplifaya.

Nilimwona Swaliki akisimama. Nilipiga kelele, "Swaliki, kaa chini!" Ningeuambia ukuta ingekuwa sawa tu. Alishika chuma cha kusimamishia maikrofoni, kile chenye kitako kizito, akampiga Opendi mdomoni. Opendi akaanguka na gitaa lake, mdomo umejaa damu, bado anajaribu kucheka akidhani ni ugomvi wa kawaida. Swaliki akaushika mkono wake wa kulia, akaulaza kwenye ukingo wa sanduku la spika, akaushushia kitako cha chuma. Akaushushia tena. Nilisikia mifupa. Maikrofoni ilikuwa imelala karibu, kwa hiyo harusi nzima iliisikia kwenye spika.

Hospitali walifanya walichoweza. Kidole gumba na viwili vilivyofuata vilipona. Cha pete na kidogo vilikauka vikabaki vimenyooka, havikunji wala havigeuki. Opendi aliweza bado kudonoa nyuzi. Ila gitaa lake sasa lilisema maneno yaleyale kwa sauti iliyonyooka, na aliyekuwa akimsikiliza hakusimamisha glasi yake.

Ndugu zake walikuja kabla plasta haijatolewa. Aliyewaongoza ni Rasto, kaka yao mkubwa, mpakuaji mizigo wa Malaba, mabega yake yanaingia mlangoni kwa zamu. Walikuja mchana, na magongo ya uzio, na dumu la petroli. Walimtoa Swaliki kutoka nyuma ya turubai lake wakampiga mpaka nikashindwa kujua macho yako wapi. Majirani wakatazama. Mimi nilimrushia mmoja wao pasi ya mkaa, ikamwunguza bega. Sijutii, na ningekuwa na pasi mbili ningerusha mbili.

Rasto alikuwa amefungua dumu anataka kumwagia kibanda, ndipo Swaliki akasema kutoka chini, kwa mdomo uliojaa mchanga, "Nitamtengenezea kidole."

Rasto akasimama. "Nasema nini huyu?"

"Kidole. Naweza kutengeneza kitu ya kutetemesha gitaa. Atakanyaga na mguu. Itafanya kazi ya kidole."

Wenzake wakacheka. Rasto hakucheka. Alimtazama Opendi, aliyekuwa amesimama nyuma ya wote, mkono mweupe wa plasta kifuani. "Wewe nasikia?" akamwuliza.

Opendi alitema mate. Meno ya mbele yalikuwa yamepungua. "Marehemu baba yetu alininunulia hii gitaa," akasema polepole. "Kwa lumbe yake lazima nipige ile wimbo alipenda, na lazima itetemeke. Kama itatetemeka vile ilikuwa, mimi nitasema basi. Ni mimi nitasema, si mtu mwingine."

"Na kama haitetemeki?" Rasto akauliza, naye hakuwa akimwuliza Opendi. Aliinama akashika mkono wa kulia wa Swaliki, ule wa kushikia chuma cha moto, akavipapasa vidole kama mtu anayechagua ndizi. "Kama haitetemeki, hii inakuja kwa kinu. Umesikia, fundi? Wote hapa wamesikia."

Wote walisikia. Mtu atauliza, polisi walikuwa wapi? Swaliki hakuwataka, maana kesi ya kwanza ingekuwa yake. Rasto hakuwataka, maana yeye alitaka mkono, na polisi hawagawi mikono. Hivyo ndivyo mkono wa kulia wa ndugu yangu ulivyowekwa rehani mpaka lumbe, ile sherehe ya kumaliza matanga ambayo Wajapadhola hawaifanyi mpaka ndugu wote wajikusanye. Hakuwa na mkono mwingine wa kumpatia ugali.

Alianza kazi jicho moja bado limeziba. Nilimpelekea uji, nikamkuta amevunja taa mbili za jua, zile zinazojiwasha zenyewe giza likiingia.

"Hizi zina jicho, dada," akaniambia. Akanionyesha kitu kidogo cha duara, chenye mistari iliyopindapinda usoni. "Likiona mwanga, linafungua njia ya umeme. Likiona giza, linabana. Sasa mimi naweka balbu ndogo mbele ya jicho. Balbu ikiwaka, sauti ya gitaa inapita. Ikizima, sauti inashuka. Balbu ikikonyeza, gitaa linatetemeka. Hicho ndicho kidole."

"Na nani anaikonyeza balbu?"

"Hii." Kilikuwa kidubwana cheusi chenye miguu minane, alichokitoa kwenye king'ora cha gari. "Hii haijui kazi nyingine."

Kwa maneno ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza aliunganisha kila kitu na balbu ikakaa imewaka tu, haikonyezi. Mguu mmoja wa kile cheusi alikuwa ameuchomelea mahali pa jirani yake. Alipiga meza hata chai yangu ikamwagika. Mara ya pili balbu ikakonyeza, gitaa aliloazima kwa vijana wa kanisa likatetemeka, lakini ndani ya sauti kukawa na mdonoo, tik, tik, tik, balbu ikiwaka unasikia, ikizima unasikia. Nikamwambia ni kama kuku anadonoa bati. Akanifukuza.

Ule mdonoo ulimtesa kuliko kipigo. Alibadilisha waya, akabadilisha betri, akabadilisha kidubwana. Alikuwa akitukana kwa lugha zote za mpaka huu, Kisamia, Kiteso, Kiluo, na Kiswahili akakiachia mwisho kwa ajili ya mama yake yule aliyegundua umeme. Kisha akanyamaza kutwa nzima, na nilipoona kimya nikaogopa zaidi. Jioni akaniita. Alikuwa amegundua kwamba balbu na gitaa vilikuwa vinarudisha umeme kwenye betri kwa waya mmoja, kwa hiyo kila balbu ilipogugumia, gitaa lilihisi. Alivitenganisha, kila kimoja kikapata njia yake, vikakutana kwenye betri tu. Akaweka na kondensa nono pale pale mlangoni pa betri, imeze mishtuko. Mdonoo ukafa. Nilimwona akitabasamu kwa mdomo uleule wenye nyuzi za hospitali.

Kisha akaharibu. Aliviweka vyote ndani ya kopo la maziwa ya unga, vipande vya risasi ya kuchomelea vikagusa bati, sauti ikakatika. Akalirusha kopo ukutani, ukuta ulio upande wangu, nikadhani Rasto amerudi. Vitu vilivyokuwa ndani vilipona kwa rehema za Mungu. Akasema hataki tena kuona bati. Akachukua kisanduku cheupe cha plastiki, kile cha swichi za ukutani, akavipanga humo. Balbu na jicho alivitazamanisha ndani ya kipande cha kalamu ya wino, ile inayoonyesha ndani, akavibana kila upande. Kwa nje akaweka swichi ya kukanyaga na kitufe cha kupunguza au kuongeza kasi.

Kilichobaki ni kasi. Kasi ya kidole cha Opendi ilikuwa ipi? Ikizidi, gitaa linakuwa mbuzi. Ikipungua, linakuwa mlevi. Swaliki alijaribu kukumbuka akashindwa, akazungusha kitufe huku na huku, jasho linamtoka.

Mimi ndiye niliyeijua. Opendi alikuwa akikaa kizingitini kwangu nikishona, na kidole chake kilifuata mguu wangu kwenye cherehani. Mara nyingi nilikuwa nikipunguza mwendo kwa makusudi, naye akipunguza bila kujua, nikicheka peke yangu. Nikaketi, nikatia kitambaa, nikakanyaga mwendo wa kushona pindo la gauni. Upande wa pili wa bati Swaliki akazungusha kitufe taratibu, taratibu, mpaka gitaa na cherehani vikawa kitu kimoja. Nikaacha kukanyaga, na kile kisanduku kikaendelea na mwendo wangu. Machozi yalinitoka, nami sioni aibu kuyasema. Nilijua mkono wa ndugu yangu umepona.

Tulimwita Opendi aje ajaribu. Akatuma jibu kwamba miguu yake haikanyagi pale tena, tutaonana kwenye lumbe.

Siku ya lumbe jua lilitoka na hasira zake. Boma la kina Opendi liko mahali ambapo Mwamba wa Tororo unauona ukiinua kichwa tu. Watu walijaa, mitungi ya pombe ya wimbi iko katikati ya duara, mirija mirefu imeelekezwa humo kutoka kila upande. Vyombo vya muziki viliwekwa uwanjani, juu ya udongo uliofagiwa, hakuna hema upande ule, kwa sababu wimbo wa marehemu ulitakiwa upigwe mbele ya mlango wake, mahali pa wazi. Na kando ya mlango, nilikiona mara moja, kulikuwa na kinu kimepinduliwa, mchi umelazwa juu yake. Hakuna mtu aliyekuwa akitwanga karanga.

Swaliki aliweka kisanduku chake cheupe chini, akaunganisha waya, akarudi nyuma. Opendi akafika na gitaa. Hakumtazama. Vidole vyake viwili vimesimama kama vya mtu anayeapa. Akakanyaga swichi, akadonoa.

Gitaa likasema kwa sauti iliyonyooka.

Akakanyaga tena, akadonoa. Likanyooka vilevile.

"Subiri," Swaliki akasema. Alipiga magoti, akafungua kifuniko, akabadilisha betri. Hakuna. Akainamisha uso aione balbu, lakini kwenye jua lile nani angejua balbu ndogo imewaka au imezima? Akagusa waya mmoja mmoja. "Niruhusu niingie ndani ya nyumba," akamwambia Rasto. "Nikae mezani kidogo, nitaona shida iko wapi."

"Utatorokea dirisha," Rasto akasema. "Fanya hapa."

"Jana ilikuwa inafanya! Dada, waambie! Waambie ilikuwa inafanya!"

"Ilikuwa inafanya!" nikasema. "Wallahi nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Mama, wewe kaa mbali," Rasto akaniambia, si kwa ubaya. Kisha akamshika Swaliki shingoni.

Alipigana. Ndugu yangu hajawahi kukaa mtu ampige bure. Mmoja alimvunja pua, mwingine alimng'ata sikio mpaka damu ikashuka shingoni. Lakini walikuwa wengi na walikuwa na siku yao. Walimwangusha, wakamburuta mpaka kwenye kinu, kikamgusa kifuani, wakaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya kitako cha kinu. Wanaume walimkalia mgongoni, wengine wakasimama wamezunguka, bega kwa bega, kila mmoja akitaka kuona. Nami niliwapiga migongoni kwa ngumi, nikawakwaruza, mmoja akanisukuma nikaanguka juu ya nyaya.

Opendi alikuwa bado amesimama palepale, gitaa mkononi, mguu kwenye kisanduku, katikati ya msongamano ule. Sijui ni hasira, sijui ni uchungu wa baba yake, akazipiga nyuzi zote kwa mkupuo.

Gitaa likatetemeka.

Likatetemeka kwa mwendo wa mguu wangu. Nikiwa nimelala chini nililisikia, na kichwa changu kikaelewa kabla ya moyo. Wanaume wale waliosimama juu ya ndugu yangu walikuwa wameziba jua. Kivuli chao kilikuwa kimelala juu ya kisanduku cheupe. Jua lilikuwa limepita kwenye plastiki ile, likapita kwenye kalamu ile inayoonyesha, likalifumbua jicho lisifumbe tena, balbu ikikonyeza bure. Mtu aliyetengeneza taa za jua maisha yake yote alikuwa amelisahau jua, kwa sababu turubai lake halikuwahi kuliingiza ndani.

Swaliki naye alielewa. "Ni jua!" akapiga kelele. "Ni jua! Msiondoke! Simameni hapohapo, msisogee!" Alikuwa anacheka. Wallahi alikuwa anacheka, shavu juu ya kinu, anawasihi watu waliokuja kumvunja mkono wasiondoke. "Opendi, unasikia? Piga! Piga wimbo wa mzee!"

Opendi akapiga wimbo wa mzee.

Naapa sijawahi kumsikia akipiga vile. Wazee waliacha mirija. Dada zake walianguka magotini mbele ya mlango wakamwita baba yao kwa jina. Sauti ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, vidole vyake viwili vikavu vimesimama hewani havina kazi, na kisanduku kinafanya kazi yao. Rasto alikuwa ameinua mchi. Alimtazama Opendi. Watu wote walimtazama Opendi, maana ndiye aliyesema yeye ndiye atasema, na neno lenyewe ni moja tu: basi.

Alimaliza ubeti wa kwanza. Niliinuka nikamkimbilia. "Sema!" nikamwambia. "Opendi, mwanangu, nakuomba, sema!" Alinitazama. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Alinitazama mimi, akautazama mkono juu ya kinu, akaanza ubeti wa pili.

Mikono ya Rasto ilikuwa inachoka juu. Katikati ya ubeti wa pili akaushusha mchi.

Nimekwisha kusema kwamba harusini nilisikia mifupa. Safari hii sikuisikia, kwa sababu ya muziki. Nilisikia tu Swaliki akiacha kucheka. Rasto akainua tena akashusha tena, mara zilezile mbili alizoshusha ndugu yangu, wala hakuongeza. Halafu wanaume wakarudi nyuma, kila mmoja akitazama pembeni. Jua likarudi kwenye kisanduku na gitaa likanyooka.

Opendi akaacha kupiga. "Basi," akasema.

Swaliki sasa anafanya kazi kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia anauwekea vitu kama mtu anavyoweka jiwe juu ya karatasi. Hajampiga mtu tangu siku ile. Watu wanasema amepoa. Waswahili walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami nikishona namsikia akisaga meno upande wa pili wa bati. Turubai hulipandisha siku hizi. Anasema anataka kuona.

Mwezi uliopita turubai likiwa juu, mtu akasimama mlangoni kwake na kisanduku cheupe mkononi, kimefungwa mpira mweusi wa baiskeli pande zote ili mwanga usiingie. Alikuwa Opendi. Waya mmoja ulikuwa umekatika. Nilichukua mkasi wangu mkubwa nikatoka nao nje, sijui nilitaka kufanya nini.

"Mama Aziz," Opendi akanisalimu, "habari ya kazi."

"Uliisikia," nikamwambia. "Siku ile. Usiniambie ulikuwa umezama kwenye muziki. Uliisikia ikitetemeka tangu mwanzo."

Hakuyakwepa macho yangu. "Nilisikia," akasema.

Swaliki, ndani, alikuwa ameshafungua kisanduku. Alishika chuma cha moto kwa kushoto, lakini risasi ya kuchomelea hakuwa na mkono wa kuishikia. Akasubiri, hakumwita mtu. Opendi akaingia, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaishika risasi kwa kidole gumba na cha shahada, akaipeleka pale kwenye waya. Moshi ukapanda kati yao. Mikono miwili mizima, mmoja wa huyu na mmoja wa yule, na ilitosha.

Walipomaliza Swaliki akazungusha kitufe, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kasi ilikuwa imehama.

"Dada," akaniita kupitia bati. "Kanyaga kidogo."

Nilikaa kwenye cherehani na mkasi wangu mapajani. Halafu nikakanyaga.